Kamba ya Heshima

Ziko nchi ambazo mtu huzifikia kwa miguu, na ziko ambazo huzifikia kwa kufiwa. Kidawa binti Shemweta aliifikia Mfanano kwa njia hiyo ya pili, na kwa kuwa mfiwa hakumbuki vizuri alipokanyaga, hakuna aliyemsumbua kwa kumuuliza alipitia wapi. Alichokumbuka ni lango, na askari wa langoni aliyemtazama toka kichwani hadi miguuni kisha akamwambia kwa upole:

"Mama, wewe umeshaingia. Uliingia jana."

Kidawa akasema ndiyo kwanza anafika. Askari akaitazama tena kanga yake, akakitazama kikapu chake cha ukindu, akatikisa kichwa. Jana alipita mwanamke mwenye kanga ya rangi ile, kikapu cha namna ile na mwendo wa uchovu kama ule ule. Kidawa akamweleza kwamba huyo ni mwanamke mwingine, wamefanana tu.

"Ndilo ninalosema," akajibu askari. "Mmefanana."

Basi Kidawa aliingia Mfanano kama mtu aliyekwisha kuingia, na kwa muda wote aliokaa huko watu walimsalimu kwa habari za yule mwingine: wakampa pole ya jino, wakamuuliza kama mbuzi amepatikana. Mwanzoni alikanusha. Baadaye aliona kukanusha kunawafadhaisha, akawa anashukuru tu na kupita.

Sheria ya kwanza ya nchi ile ni fupi: vinavyofanana ni kimoja. Ndugu wawili wenye sura moja wakikosea, hufungwa mmoja na mwingine akahesabiwa ametumikia. Ukipoteza jogoo mwekundu ukaona jogoo mwekundu, umempata. Watu wa Mfanano si wakali wala si wajinga. Wanapika vizuri, wanajengana nyumba, wanazikana. Ila wamechoka zamani sana kutazama kitu mara mbili, na uchovu ule wakautungia sheria.

Lugha yao ya nyumbani ni ya mama zao, nayo huitumia sokoni, jikoni na kitandani. Lakini jambo likiwa kubwa, kama hukumu, onyo au kumbukumbu ya marehemu, hulitafutia neno la Kiingereza, lugha iliyoachwa na watu waliokwisha kuondoka. Neno hilo huchongwa kwenye kibao, kibao husimikwa uwanjani, na mbele ya uwanja huvutwa kamba nyeupe kutoka mlingoti hadi mlingoti. Hiyo ndiyo Kamba ya Heshima. Hakuna anayeivuka. Wasomaji wa Baraza husimama nyuma yake, mikono wameifunga mgongoni, wakalitazama neno kutoka mbali ambako mbuzi na mbwa huwezi kuwatenganisha mpaka mmoja alie. Kulisogelea neno kunahesabiwa utovu wa adabu, sawa na kumchungulia mkwe akiwa anakula.

Kwa desturi hiyo wameendesha nchi. Safari moja walialikwa karamu na majirani, wakaombwa walete "dessert", yaani vitamutamu vya kumalizia chakula. Kibao kiliposomwa kutoka kwenye kamba ikaonekana ni "desert", yaani jangwa. Wakapeleka mchanga, mweupe, umechekechwa, katika masinia yaliyofunikwa kawa. Majirani walikuwa watu wenye haya, wakasifu masinia.

Hicho ni cha kuchekesha. Kilichomleta Kidawa hakikuwa cha kuchekesha.

Mumewe, Semboja, alikuwa mlinzi wa daraja la magogo juu ya Mto Mkunguru, upande wa chini wa mji. Alikuwa ameondoka kwao milimani kufuata kazi, akawa anarudi wakati wa mavuno. Alikuwa mtu mkimya. Hata siku za uchumba hakusema neno: alikuja kwa baba yake Kidawa, akaona ua umeanguka, akausimamisha, akaondoka, na kesho yake akaja kuangalia kama umesimama. Nyumbani ulijua amerudi kwa kuona viatu mlangoni.

Mwaka ule wa mvua nyingi, watu wa milima ya juu waliona mto umevimba wakatuma kibao cha onyo chenye maneno mawili: "Flood imminent". Maana yake mafuriko yako karibu, yanafika sasa hivi. Wasomaji wakakitazama kutoka kwenye kamba, wakaafikiana kwamba neno la pili ni "eminent", yaani mtukufu. Mjumbe mmoja akauliza mafuriko yanawezaje kuwa matukufu. Akajibiwa kwamba koo kubwa zina majina ya ajabu, na Bwana Flood huenda anatoka katika koo hizo. Basi wakatandika mikeka ukingoni, wakaita ngoma, wakapanga watoto mstari wa mbele na maua. Mgeni akafika.

Waliopona walipona kwa daraja la magogo. Mto ulikuwa umekwisha kung'oa magogo ya upande mmoja, na Semboja alisimama pale palipong'oka, mgongo kwenye nguzo, akimshika kila mtu mkono na kumpitisha. Hakupiga kelele. Alinyoosha kidole kimoja juu ili waliokuwa wakisukumana waelewe: mmoja mmoja. Watu wakapita mmoja mmoja. Walipokwisha, daraja likaenda, na yeye likaenda naye.

Mwili haukupatikana. Kilichobaki ni kibao. Habari iliyomfikia Kidawa kule milimani ilisema kibao hicho kina neno moja chini ya jina la Semboja, na neno lenyewe ni "quit", yaani aliyeacha kazi akaondoka. Kidawa alikuwa amesoma hadi kidato cha nne, na neno hilo alilijua. Akafunga kikapu.

Kwao kuna desturi kwamba mtu aliyefia ugenini jina lake halipewi mtoto mpaka liitwe kule alikofia, na mtu aitikie kwa niaba yake. Binti yake, Nangasu, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto amekwisha kuota meno na bado wanamwita Mgeni, akingoja jina la babu yake. Na kule Mfanano ipo Siku ya Kuwaita, ambapo Msomaji Mkuu husimama kwenye kamba akayataja majina ya marehemu, na ndugu huitikia: "Yupo." Ila walioandikiwa "quit" hawaitwi. Asubuhi ya siku hiyo vibao vyao hung'olewa vikapelekwa jikoni kwa Baraza, vikapikia wali wa shughuli. Kidawa alikuwa amefika siku chache tu kabla ya siku hiyo. Alitaka jina liitwe. Hakutaka kingine chochote kwa watu wale.

Alifikia kwa Bi Kadhalika, mjane mnene mwenye mikono ya haraka, mpishi mkuu wa Baraza. Bi Kadhalika alikuwa mkarimu mno, na alikuwa na tabia ya kukubali kila asemalo mwenzake. Ukisema jua kali, alisema kali. Akija wa pili akasema leo hakuna jua, alisema kweli halipo. Usiku wa kwanza alimpa Kidawa kitanda akalala mwenyewe chini, na alipoambiwa mgeni huyu ni mjane wa mlinzi wa daraja, kijiko kikamponyoka mkononi. Akakiokota akasema mikono ya mpishi ina mafuta.

Kesho yake Kidawa alikwenda uwanjani. Kibao cha Semboja alionyeshwa kwa kidole: mstari wa tatu, karibu na mchongoma. Akasimama kwenye kamba akakaza macho. Aliona neno lenye mkia mwanzoni na kijiti mwishoni. Katikati yake palikuwa kama ukungu. Huenda lilikuwa "quit". Akakumbuka lipo neno jingine lenye mkia na kijiti vile vile, "quiet", maana yake mkimya. Kwa mwalimu wake wa Kiingereza watoto walikuwa wakiyachanganya hayo mawili kila wiki, na dawa ya mwalimu ilikuwa moja tu, kumwita mtoto aje mbele ubaoni aguse herufi. Kutoka pale aliposimama Kidawa hakuweza kuapa kwa hili wala lile. Alichoweza kuapia ni mtu mwenyewe. Akaomba avuke akasome. Mlinzi wa kamba alishtuka kana kwamba ameomba kuvua nguo.

Ndipo akaenda Barazani.

Msomaji Mkuu aliitwa Mheshimiwa Takribani, mzee mrefu, msafi, mwenye sauti ya kubembeleza wagonjwa. Alimpa Kidawa kiti na maji ya kunywa, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo Kidawa hakulitarajia na lilimwondolea nusu ya hasira aliyokuja nayo. Alisema ombi lake: mtu mmoja tu wa Baraza avuke kamba, akisogelee kibao, akisome.

Wajumbe walilijadili kwa uzito. Mmoja alisema neno likisogelewa huonyesha madoa na nyufa, na raia akiona nyufa ataacha kutii. Mwingine alihofia mfano: leo mjane, kesho kila mwenye kibao. Wa tatu, ambaye alikuwa kijana kuliko wenzake na mwenye haraka ya kuwapendeza, alisema hata kama neno ni lile jingine, mkia upo, kijiti kipo, na sheria inasema vinavyofanana ni kimoja, kwa hiyo marehemu hakupungukiwa na kitu.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, waheshimiwa," Kidawa akasema.

Wakamjibu kwamba hapo hakuna nyoka.

Mheshimiwa Takribani akainua mkono, na wote wakanyamaza. Akamgeukia Kidawa, na aliposema alisema kwa nia njema kabisa, kama mtu anayempa mfiwa kitu cha kushika.

"Mama, hebu tufikiri pamoja. Mtu mkimya na mtu aliyeondoka. Wewe uko nje, unabisha hodi. Huyu haitiki, na yule haitiki. Utawatofautishaje?"

Wajumbe wengine walitikisa vichwa kwa kupendezwa, na Kidawa mwenyewe alihisi neno lile limemkaa kifuani, kwa sababu tangu habari ilipomfikia amekuwa akibisha hodi na hakuna anayeitika. Akanywa maji kidogo.

"Nitasukuma mlango, baba," akasema. "Aliyeondoka nitakuta hayupo. Mkimya nitamkuta amekaa. Mimi nimeishi na mkimya, nimesukuma mlango miaka yote hiyo na nimemkuta. Ninyi mmesimama nje ya ua mnaniambia nyumba ni tupu."

Wajumbe wakanong'onezana. Kisha wakaafikiana kwamba suala ni zito na linastahili kutazamwa kwa ukaribu zaidi, na kwa ajili hiyo wakaamuru viti vya Wasomaji visogezwe mbele kidogo, pasipo kuigusa kamba. Hayo yakatekelezwa jioni ile ile, kwa ngoma.

Kidawa alirudi jikoni akaketi kwenye kinu kilicholazwa. Hakulia. Bi Kadhalika alikuwa akichambua mchele wa shughuli, akauliza Baraza limesemaje, akaambiwa. Akasema kama ilivyo kawaida yake kwamba ndiyo, wakubwa wanaona mbali. Kidawa akamwambia shida yenyewe ndiyo hiyo.

Bi Kadhalika akaendelea kuchambua. Baadaye vidole vikasimama ndani ya ungo.

"Mwenzangu," akasema, bila kuinua uso. "Mimi nilipita pale darajani."

Kidawa akamgeukia.

Bi Kadhalika akasimulia kwa vipande. Alikuwa amebeba sufuria siku ile, la pilau ya mgeni mtukufu, na alikataa kuliacha. Watu nyuma walimtukana. Mlinzi hakumtukana. Alimtazama tu, akamnyooshea kidole kimoja, kisha akalichukua lile sufuria kwa mkono mmoja akaliweka kichwani mwake yeye, akampitisha, akamrudishia upande wa pili. Na mchonga vibao alipokuja baadaye kuuliza wananchi wamkumbuke mlinzi kwa neno gani, ni yeye Bi Kadhalika aliyejibu. Alisema: mkimya. Mchongaji akasema Kiingereza cha neno hilo anacho. Akaenda kuchonga.

"Na waliposoma 'quit'?" Kidawa akauliza.

"Nilisema ndiyo." Akayasukuma machozi kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na pumba. "Nilifikiri wao wameona kuliko mimi. Mimi nimeona mto, wao wameona neno. Nikasema neno litakuwa limekaa hivyo."

Kidawa angeweza kumfokea. Alimtazama yule mwanamke na ungo wake, akaona kwamba ghadhabu ingemaliza nguvu anazozihitaji. Akamuuliza kitu kimoja tu: vibao vikishang'olewa, navyo hulindwa na kamba?

Bi Kadhalika akashangaa. Kibao kikishang'olewa si neno tena, alisema, ni kuni. Na kuni hazina kamba.

Asubuhi ya Siku ya Kuwaita wachukuzi walivileta vibao jikoni kwa mkokoteni, wamevilaza kifudifudi, kwa adabu. Wakavimwaga karibu na mafiga wakaenda kunawa. Kidawa akapiga magoti akaanza kuvigeuza kimoja kimoja. Lilikuwa rundo kubwa kuliko alivyodhani, na kila kibao kilikuwa na jina la mtu. Aliviona vyenye "quite", ambalo maana yake ni kabisa, alilochongewa sijui mtu kamili wa namna gani. Aliviona viwili vingine vyenye "quiet", vya watu asiowajua, akaviweka kando. Aliona kimoja kilichoandikwa "quit" waziwazi, na Bi Kadhalika aliyekuwa akichungulia begani akasema huyo ndiye kweli, mlinda ghala, alikwenda zake na funguo hakuonekana tena. Kidawa akakirudisha kwenye kuni.

Cha Semboja kilikuwa chini kabisa. Kilikuwa cha mninga, mchongaji hakufanya ubahili. Jina, na chini yake neno. Kidawa akaweka kidole kwenye mkia wa herufi ya kwanza, akakipitisha polepole, ya pili, ya tatu, akafika mahali palipokuwa na ukungu. Herufi ilikuwepo. Ilikuwa imechongwa kwa kina kama zenzake, na mchwa hata hakuigusa. Ilikuwa imekaa mahali pake muda wote huo ikingoja mtu asogee. Quiet.

Akakifuta majivu kwa upindo wa kanga, akakipakata, akatoka.

Uwanja ulikuwa umejaa. Mheshimiwa Takribani alisimama kwenye kamba akiita majina, na baada ya kila jina sauti ilipanda mahali fulani: "Yupo." Alikuwa akiita vizuri, bila haraka, akikipa kila kifo nafasi yake. Kidawa akapita katikati ya watu. Walimpisha wakidhani ni yule mwanamke wa jino. Alipofika mbele ya mzee alikinyanyua kibao, akakisimamisha usoni pake, karibu kama kioo cha kinyozi.

"Soma, baba."

Wajumbe wakainuka kwenye viti vyao vilivyosogezwa. Mheshimiwa Takribani akawatuliza kwa kiganja. Akakitazama kibao. Akarudisha kichwa nyuma, akakibana kidevu shingoni, akafumba jicho moja. Akamshika Kidawa mikono akaisukuma taratibu mbali na uso wake, zaidi, hadi mikono ya Kidawa ikaishia kunyooka, na bado haikutosha. Uso wa mzee ukabadilika. Kidawa aliyekuwa karibu naye kuliko mtu yeyote aliyewahi kuwa, akaona utando mwembamba wa uzee machoni pake, na akakumbuka baba yake mwenyewe miaka ya mwisho, alivyokuwa akimpa mtu sindano amtungie uzi.

"Hapa karibu," akasema mzee kwa sauti ya chini, iliyomfikia yeye peke yake, "mimi sioni, mwanangu. Sisi wote pale Barazani hatuoni karibu. Na waliotutangulia, na waliowatangulia wao."

Kwa hiyo heshima yote ile, mlingoti kwa mlingoti, ilikuwa imekatwa kwa kipimo cha macho ya wazee. Kidawa hakulitangaza. Alisema angemsomea. Mzee akatikisa kichwa, akirudia sauti yake ya Barazani: kibao kilichong'olewa ni kuni, neno la mgeni halitoshi, na jina lisilo kwenye orodha ya siku yeye hawezi kuliita.

"Basi usiite," Kidawa akasema.

Akageuka, akawaelekea watu. Alikuwa mwanamke asiyezoea kupaza sauti. Nyumba yao haikuwa ya makelele. Akavuta pumzi akaita, na sauti ikatoka kubwa kuliko mwili wake.

"Semboja."

Mwitaji haruhusiwi kuitikia mwenyewe, hilo ni huko na ni kwao pia. Macho yalimtazama, kisha yakatazama chini. Wengi wao walikuwa na miguu iliyopita juu ya yale magogo. Kijana wa Baraza akaanza kusema kwamba utaratibu umevurugwa. Kidawa akaita tena, jina lile lile, taratibu, kama mtu anayesukuma mlango.

Nyuma kabisa, kwenye njia ya jikoni, watu wakaanza kusogea. Bi Kadhalika alikuwa akija, aproni yake ina masizi, mikono yake ina unga. Hakuwa akitazama wajumbe wala watu. Alipofika kwenye kamba alisimama, akahema, akanyoosha kidole kimoja juu.

Walioijua alama ile waliijua. Pakasikika mtu akijikohoza, na msichana aliyekuwa mstari wa mbele na maua siku ya mafuriko akafunika mdomo.

"Yupo," akasema Bi Kadhalika.

Halafu, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuvunja alichovunja, akainua kamba kwa mkono wenye unga, akapita chini yake, akatembea moja kwa moja hadi kwenye kibao cha marehemu mama yake. Akainama akakitazama kwa karibu, muda mrefu. Hakuna aliyejua aliona nini, maana alikaa chini pale pale akajifunika uso kwa aproni, na mabega yakawa yanatikisika, kwa kilio au kwa kicheko. Msichana yule akamfuata. Kisha mzee mmoja mwenye fimbo. Hawakusukumana. Kamba iliinuliwa na kushushwa, ikainuliwa na kushushwa, na watu wakapita mmoja mmoja.

Baraza lilikaa siku nyingi kuamua la kufanya. Sheria ilisema nani anaruhusiwa kuita. Haikusema jina lililokwisha kuitwa na kuitikiwa linarudishwaje, na kwa kuwa hapakuwa na tukio jingine linalofanana na lile, walishindwa kulihukumu kwa mfano wa lingine. Likabaki limeitikiwa. Vibao vile viwili vya wakimya vilirudishwa uwanjani. Wali wa shughuli mwaka ule haukuiva vizuri, kuni zilikuwa pungufu. Na wapitao huko siku hizi husema kamba bado ipo, ila wasomaji wamepewa vijana wenye macho mazima wa kuwatangulia, na bado kuna ubishi mkubwa kama kijana wa namna hiyo ahesabiwe ni msomaji au ni fimbo.

Kidawa hakungoja uamuzi. Langoni askari alimwambia hawezi kutoka kwa kuwa ametoka juzi. Akamshukuru, akapita.

Kibao hakuja nacho. Alikisimamisha mwenyewe pale kwenye mchongoma, akashindilia udongo kwa kisigino, na kesho yake kabla ya kuondoka akaenda kuangalia kama kimesimama.

Alifika kwao saa za kuanika kahawa. Nangasu alikuwa uani, mtoto ameketi kwenye mkeka akiwa amempa bibi yake mgongo. Kidawa hakumsalimu mtu kwanza. Akavua viatu mlangoni, akasimama, akaita jina kwa sauti ya kawaida, ile ya nyumbani.

Mtoto hakulia wala hakucheka. Aligeuka.